Barua ya wazi kwa wanaopanga minara na faiba Lamu: tarehe 30 Juni haijui kusi

Assalamu alaikum, waheshimiwa.

Nawaandikia nyote mlio na mkono katika jambo hili: serikali ya kaunti, Mamlaka ya Mawasiliano, kampuni zenye minara, na nyinyi wakandarasi mnaopokea kazi kutoka kwao na kuigawa tena kwa wengine. Nakaa Langoni, mjini Lamu. Nimepanda minara ya simu miaka kumi na tisa, kutoka Malindi na Garsen hadi Mpeketoni, Faza na Kizingitini. Goti langu la kushoto halipandi tena, kwa hiyo siku hizi nafundisha vijana kazi na kuwakagulia vifaa kabla hawajaondoka gatini.

Mwezi uliopita wapimaji walipita tena mjini. Walisimamisha chombo chao cha miguu mitatu katikati ya usita, njia yetu nyembamba ya mtaani, wakapiga picha, wakatia alama za rangi nyekundu ukutani. Moja waliitia kwenye daka, kibaraza cha mlangoni, la nyumba ya mawe ya mzee ambaye hata hodi hakupigiwa. Tulipowauliza, wakatuambia faiba, nyaya za intaneti ya kasi, inakuja mjini, minara mipya inakwenda visiwani, na kazi ni lazima iishe kabla ya tarehe 30 Juni.

Tarehe hiyo ndiyo iliyonikalisha kuandika.

Kwanza mjue kwamba mradi huu nautaka. Nimewahi kumwona mume anapanda kilima cha mchanga usiku na simu mkononi, anatafuta mtandao amwite nahodha, na mkewe yuko ndani na uchungu. Nimekaa na wavuvi ambao mashine iliwazimikia nje ya mwamba, wakapeperushwa usiku kucha huku simu zao zina chaji na hazina mtandao. Kwa watu wa visiwa vya Kiwayu na Ndau mnara ni hospitali, ni nahodha, ni soko la samaki na kamba wa baharini. Kwa hiyo asinijibu mtu kwamba napinga maendeleo.

Ninachosema ni kimoja. Ajali ya juu ya mnara haianzi juu ya mnara. Huanza kwenye meza ya ofisini, siku ile inapoandikwa ratiba na bei. Kijana anapofika juu, mengi yameshaamuliwa na watu ambao hatawaona maishani mwake.

Tazameni hiyo tarehe 30 Juni. Ni mwisho wa mwaka wa fedha, na kila anayefanya kazi za serikali anazijua mbio za miezi mitatu ya mwisho, fedha zisije zikarudi. Sasa iwekeni juu ya kalenda ya huku kwetu. Aprili masika yameanza. Mei mvua imekolea na kusi, upepo mkali wa kutoka kusini, imeshika. Juni na Julai bahari ya nje imechafuka, na nahodha mwenye akili anaangalia mbingu mara mbili kabla ya kung'oa nanga. Miezi mizuri ya kubeba vyuma vya minara hadi Pate ni ile ya upepo wa kaskazi, Desemba mpaka Machi, na siku za tangambili pepo zinapobadilishana. Miezi hiyo, mara nyingi, karatasi za zabuni bado ziko mezani. Tunasaini bahari ikiwa shwari, tunapakia ikiwa imechafuka.

Wala si upepo tu. Kufika kisiwa cha Pate kwa njia ya ndani kunapita Mkanda, mkondo mwembamba kati ya kisiwa cha Manda na bara, na Mkanda una maji yake. Yakipwa, chombo kilichopakia kinakaa. Bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, na maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo, havifanani. Nahodha atakwambia siku gani mzigo wa tani kadhaa unapita na siku gani haupiti. Nimesoma ratiba nyingi za miradi, zenye rangi na mistari mizuri, na sijaona hata moja iliyokuwa na mstari wa maji kujaa na kupwa. Nahodha hajawahi kuitwa kwenye kikao. Huitwa siku ya kupakia, akiambiwa saa ya kufika.

Niwasimulie siku moja, kwa sababu tangu siku ile sijawahi kulala vizuri mwezi wa Julai.

Ilikuwa upande wa Pate, mnara wa mita arubaini na tano, na mimi ndiye niliyekuwa msimamizi wa kazi. Jahazi lililobeba vyuma na antena lilikuwa limekwama Mkanda kwa siku mbili. Mkataba ulikuwa na faini ya kila siku ya kuchelewa, na simu za kutoka juu zilikuwa hazikatiki. Antena zilipofika hatukungoja asubuhi. Tulianza kupandisha saa tisa alasiri, saa ambayo kusi inavuma kwa nguvu zake zote. Kila mtu pale alijua. Mimi nilijua kuliko wote.

Antena ya kawaida ni ubao mrefu, karibu mita mbili. Ukiwa umeushika chini ni mzigo tu. Ukiuning'iniza kwenye kamba angani ni tanga. Na upepo una hesabu yake: kasi ikiongezeka mara mbili, nguvu yake ya kusukuma inaongezeka mara nne. Antena ile ilifika kama mita thelathini, upepo ukaichukua, ikazunguka, ikarudi na kumpiga bega kijana aliyekuwa anaingoja. Kijana wa Kizingitini, miaka ishirini na miwili. Miguu ikateleza. Hanesi, mikanda ya usalama aliyoivaa, ikamshika.

Hapo wengi hushusha pumzi, wakidhani hadithi imeisha. Haijaisha. Mtu anayening'inia kwenye hanesi bila kusogeza miguu damu inabaki miguuni, hairudi moyoni inavyotakiwa. Anazirai, na akiendelea kuning'inia anaweza kufa pale pale bila jeraha lolote. Zinahesabiwa dakika, hazihesabiwi saa. Ndiyo maana kazi ya juu haitakiwi kuanza mpaka kuwe na kamba ya uokoaji iliyo tayari, watu wawili waliofunzwa kuitumia, na hanesi ya akiba chini kwa ajili ya atakayepanda kusaidia.

Sisi tulikuwa na hanesi mbili. Moja ilikuwa mwilini mwake. Ya pili ilikuwa mwilini mwa mwenzake aliyekuwa juu yake, peke yake, hana kamba wala kapi la kumshushia. Chini tulikuwa watu watano tunaotazama juu. Tulimwambia apige mateke, akanyage hewa, asiache. Akakanyaga mpaka miguu ikaisha nguvu. Mwishowe tulimshusha kwa kamba ile ile ya kupandishia vifaa, kamba ambayo haikutengenezwa kubeba mtu. Ilichukua dakika ishirini na tano. Uso wake ulikuwa na rangi ya jivu. Nilimfungua vifungo kwa mikono yangu na vidole havikunitii.

Tukampeleka gatini juu ya punda, bega limefungwa kwa kanga. Maji yalikuwa yamekupwa. Tulingoja mpaka yajae, tukafika hospitali mjini Lamu usiku.

Alipona, alhamdulillahi. Lakini mkono wake haupandi juu ya kichwa hadi leo. Kampuni yenye mnara ilisema yeye si mtu wao ni wa mkandarasi. Mkandarasi akasema ni wa mkandarasi mdogo. Mkandarasi mdogo akasema ni kibarua, hana karatasi. Sheria ya fidia ya majeraha kazini ya mwaka 2007 inamlazimu mwajiri kuwakatia bima wafanyakazi wake, na mtu akifa au akilemaa kabisa kazini inaweka fidia ya mishahara ya miezi 96. Kijana yule alipata nauli na pole. Na ile ya usalama na afya kazini, ya mwaka huo huo wa 2007, inataka ajali iliyomjeruhi mtu itolewe taarifa ya maandishi kwa afisa wa usalama kazini ndani ya siku saba. Haikutolewa. Mimi sikuitoa, kwa sababu niliambiwa nisiitoe, na nilikuwa na watoto shuleni. Naliandika hili wazi ili mjue hali ya msimamizi mnayemweka kati ya faini na roho ya mtu.

Sasa rudini nyuma mtazame ile ajali ilianzia wapi. Ilianzia kwenye faini ya kila siku isiyo na kifungu cha bahari na upepo. Ilianzia kwenye bei.

Bei nizungumzie kidogo, kwani ndipo ukweli ulipojificha. Kampuni hutoa kazi kwa mkandarasi, naye humpa mwingine, na huyo humpa mwingine tena. Kila mkono unakata chake. Kazi inapomfikia mtu mwenye spana, fedha iliyobaki ni ya mishahara ya siku na nauli ya boti. Katika orodha ya gharama usalama huandikwa kwamba umo ndani ya bei, yaani kila mwombaji anaukadiria mwenyewe. Anayetaka kushinda zabuni anapunguza wapi? Vyuma havipunguziki, saruji haipunguziki, mafuta ya boti hayapunguziki. Kinachopunguzika ni hanesi, ni mafunzo, ni mtu wa ziada anayekaa chini na kamba ya uokoaji, ni boti ya kungoja wakati watu wako juu. Dawa yake naijua na si ngumu: gharama za usalama ziandikwe peke yake, kwa kiasi kilichowekwa na mwenye mradi mwenyewe, kisichoshindaniwa na mtu. Zilipwe kwa kuonyesha. Umenunua hanesi sita, zilete zikaguliwe. Boti ya dharura, ionekane imefungwa gatini siku ya kazi. Na ngazi za wakandarasi zikomee mbili. Chini ya hapo hakuna anayemjua anayepanda.

Hanesi yenyewe ina umri. Jua letu na chumvi yetu vinaila nyuzi zake hata ikiwa imetundikwa ukutani. Ikishaokoa mtu mara moja haivaliwi tena, hukatwa. Nimeona hanesi zilizoshonwa kwa uzi wa nyavu.

Ratiba ya huku ina mengine ambayo hayamo vitabuni. Mwezi wa Ramadhani vijana wetu wanapanda wamefunga. Hawatakuomba ruhusa ya kushuka, wataona haya. Basi panga wewe: kazi ya juu ianze baada ya alfajiri na iishe kabla jua halijawa kali, mchana waachiwe kazi za chini. Siku za Maulidi mji unajaa wageni kutoka pwani nzima, na mtaro wa faiba ulio wazi karibu na msikiti wa Riyadha siku hizo ni mtego. Ijumaa mchana inajulikana. Haya ni mambo ya kuuliza mara moja tu, kwa dakika kumi, kwa mtu yeyote wa hapa.

Nije kwenye mji wenyewe. Mji wa Kale wa Lamu uliingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2001. Nyumba za mtaa wa Mkomani zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, dari zimebebwa na boriti za mikoko. Hazina nondo wala zege. Zimesimama kwa uzito wake na kwa kuegemeana, na mahali pengine wikio linaunganisha nyumba mbili juu ya njia. Ukitoboa pembeni mwake kwa mashine inayotetemesha ardhi, ufa hauonekani siku hiyo. Unaonekana masika yakija na maji yakiingia. Faiba mjini ichimbiwe kwa mkono. Kila ukuta upigwe picha kabla na baada, mwenye nyumba akiwepo na akiweka saini, na watu wa Makumbusho ya Taifa wawe na neno kabla ya rangi nyekundu kugusa ukuta. Antena zisipachikwe juu ya nyumba za namna hii kabisa. Mzigo ule na upepo ule si wa boriti.

Na mtaro usilale wazi. Mtaa wa jirani yangu waliwahi kuchimba kipande kirefu, jioni wakaenda zao, hakuna taa wala ubao. Usita wetu una upana wa mtu kunyoosha mikono, na mizigo mingi ya mji huu inapita juu ya punda. Punda mmoja aliyebeba mchanga alitumbukia baada ya isha. Nilimsikia kabla sijamwona. Mguu wa mbele ulikuwa umevunjika juu ya goti, na mwenye punda, mtu mzima wa miaka hamsini, amekaa chini kwenye kifusi anamshika kichwa na kumsemesha pole pole. Punda yule ndiye aliyekuwa akilisha nyumba ya watu saba. Hakuna aliyemlipa, kwa sababu katika mpango wa mradi punda hayumo. Chimbeni vipande vifupi, mvifukie siku hiyo hiyo. Mkishindwa, wekeni mbao za kupitia zinazobeba punda na mzigo wake, na taa, na mlinzi. Mchanga wa huku hausimami wenyewe. Mtaro ukimfika mtu kiunoni, kingo zitegemezwe kabla hajaingia, hata kama ni wa dakika tano.

Kuna jambo dogo ambalo ni kubwa kwa mji wa watoto wanaokwenda madrasa miguu mitupu. Uzi wa faiba ni kioo chenye unene wa robo ya nusu milimita, yaani 0.125. Fundi anapouunga hukata vipande vidogo ambavyo jicho halivioni vizuri vikianguka. Vikiingia kwenye nyayo ya mtoto haviondoki kwa sindano, na kwenye chakula ni balaa. Kila fundi awe na chupa yenye kifuniko ya kutilia vipande, na kazi ya kuunga ifanyike juu ya turubai, si barazani penye watu wanakunywa kahawa. Na mtu asichungulie ncha ya faiba iliyo hai. Mwanga wake hauonekani kwa macho, lakini jicho linaupokea.

Mlima wa mchanga wa Shela nao nauombea. Maji matamu ya mji wa Lamu yanatoka chini ya mchanga ule; mvua inanyesha pale, inachujwa, inakaa. Mnara wenye jenereta na pipa la dizeli juu ya mchanga ni kuweka sumu juu ya mtungi. Pale pasiwekwe dizeli. Jua tunalo, tumieni sola na betri, na betri zenyewe ziwe na chumba kinachopitisha hewa, maana za asidi hutoa gesi inayolipuka zikichajiwa. Mahali pengine panapolazimu jenereta, tangi likae ndani ya beseni la zege linaloweza kuzuia mafuta yote yakimwagika. Mikoko isikatwe kwa ajili ya njia ya nyaya. Zaidi ya nusu ya mikoko ya Kenya iko huku, na samaki wetu wanazaliwa humo.

Kwenye maji kati ya Mokowe, gati letu la bara, na mji, na kati ya visiwa, nanga zinatupwa usiku na mchana. Februari 2012 nanga ya meli moja ilikata TEAMS, kebo ya intaneti ya chini ya bahari, nje ya Mombasa, ikapunguza intaneti ya nchi kadhaa. Ile ilikuwa kebo ya kimataifa, imewekwa kwenye ramani za bahari. Sasa fikirini kebo yetu ndogo ambayo manahodha hawajaonyeshwa inapita wapi. Kaeni na vikundi vya wavuvi vya fukwe, kijiji kwa kijiji, kabla ya kuizamisha.

Watu wanaogopa mawimbi. Nimesikia mhandisi akiwacheka wazee waliouliza kama mnara karibu na madrasa utawadhuru watoto. Asingecheka angejibu hivi: mawimbi ya simu si kama ya eksirei, hayavunji chembe za mwili, yakiwa na nguvu nyingi yanachofanya ni kupasha joto. Tume ya kimataifa ya kinga dhidi ya mionzi, ICNIRP, iliyohuisha mwongozo wake mwaka 2020, inaweka kikomo kwa raia cha vati 4.5 kwa kila mita ya mraba kwenye masafa ya megahezi 900. Nguvu hupungua haraka kadiri unavyokwenda mbali: umbali ukiwa mara mbili, inabaki robo. Na antena hurusha mbele yake kama taa ya mnara wa meli, chini ya miguu yake kinachofika ni kidogo sana. Ni kweli pia kwamba Mei 2011 shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa, IARC, liliyaweka mawimbi ya redio kwenye kundi la 2B, yaani huenda yakasababisha saratani ila ushahidi wake ni mdogo. Waambieni yote mawili. Kisha leteni kipimo, mpime mbele ya wazee kabla ya mnara kuwashwa na baada ya kuwashwa, na karatasi ya matokeo ibandikwe msikitini na kwa chifu.

Aliye kwenye hatari ya kweli ya mawimbi ni fundi anayesimama mbele ya antena iliyowashwa, sentimita chache kutoka usoni. Haimwambii kitu. Haina sauti wala mwanga. Kabla hajapanda, antena ile izimwe, na ufunguo wa kuiwasha uwe mfukoni mwa aliyepanda, si kwa mtu wa ofisini Nairobi anayeweza kuiwasha kwa sababu wateja wamelalamika.

Kuhusu kuwauliza wananchi, hapa Lamu hamna haja ya kwenda mbali kutafuta mfano. Tarehe 26 Juni 2019 Mahakama ya Kitaifa ya Mazingira ilifuta leseni ya kiwanda cha umeme wa makaa ya mawe kilichopangwa kujengwa Kwasasi, na sababu mojawapo kubwa ilikuwa kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Miaka ya mipango ilianguka siku moja. Katiba ya 2010 inataka ushirikishwaji, na kikao cha hoteli chenye soda na karatasi ya kusaini posho hakitoshi. Njooni Faza, njooni Siyu, baada ya alasiri, mkae barazani. Wanawake muwape kikao chao, maana wao ndio wanaojua njia za visimani na watoto wanapita wapi. Ripoti ya athari kwa mazingira ije kwa Kiswahili. Sijawahi kuiona ya Kiswahili.

Minara iliyokwisha jengwa nayo isisahauliwe mkifurahia mipya. Chumvi haichoki. Zinki iliyopakwa juu ya chuma inaliwa, kisha chuma chenyewe, na mahali pa kwanza ni pale nyaya za kushikilia mnara zinapoingia ardhini, ambapo nyasi zimefunika na hakuna anayeinama. Waya wa kupeleka radi ardhini kwenye jiwe la matumbawe hauna kazi kama haujapimwa. Kila mwaka kusi ikitulia, mnara ukaguliwe bolti kwa bolti, na ripoti iwe na jina la aliyekagua. Mlinzi anayelala pale peke yake bara, upande wa msitu, apewe redio, na mtu wa kumpigia usiku.

Mwisho kabisa, neno la kusimamisha kazi. Ile sheria ya usalama na afya kazini ya 2007, kifungu cha 14, inamtaka mfanyakazi atoe taarifa akiona hatari iliyo karibu, na mwajiri hana ruhusa ya kumrudisha kazini mpaka hatari iondolewe. Vijana hawaijui. Iandikwe kwenye mkataba, kwa Kiswahili, kwamba yeyote, hata mvuta kamba, akisema "simama" kazi inasimama, na siku hiyo inalipwa na haihesabiwi kwenye faini. Kila asubuhi kabla ya kazi watu wakae robo saa: upepo ukoje, maji yanakupwa saa ngapi, nani ana kamba ya uokoaji, boti iko wapi, nani hajalala vizuri. Robo saa hiyo nayo ilipwe.

Kwa mradi huu wa sasa, naomba tarehe ya 30 Juni iondolewe kwenye kazi ya kupanda na kuvuka bahari. Fedha zinaweza kutengwa, vyuma vikanunuliwa na kuhifadhiwa Mokowe chini ya paa, misingi ya bara ikachimbwa. Visiwani twendeni Desemba. Nahodha mmoja wa Pate, fundi mmoja aliyepanda, muuguzi mmoja na mwenye punda mmoja wakae kwenye meza yenu kabla ya kusaini. Hawataomba posho kubwa.

Hanesi ya kijana yule niliikata vipande viwili siku ya pili yake, kama inavyotakiwa, ila sikuitupa. Ipo nyumbani ndani ya mfuko. Mkiitisha kikao nitaileta, nanyi muione mshono ulioshika ni upi, na ule wa pembeni uliokuwa umeshaanza kufumuka.

Wassalaam,

Fundi wa minara
Langoni, Lamu